Matundu Matatu ya Sinema Johari

Changamwe, Jumanne. Vuli ya 1963.

Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka saa tatu, kisha jua likatoka ghafla na uwanja wa soko ukaanza kufuka mvuke. Nayajua haya kwa pua na masikio tu, maana dirisha langu la mbele halijafunguliwa tangu nilipoingia eda. Leo nimeamka na hamu ya kazi, nimeshinda na hasira, na sasa nina jambo jingine moyoni ambalo bado sijalipatia jina. Naandika kabla halijapoa.

Zimebaki siku tisa.

Ni miezi minne na siku moja tangu Salim, mume wangu, afariki. Bado siku tisa nioge, nivae nguo ya rangi, nitoke mlangoni kama mtu. Wajane wengine huhesabu siku za eda wakitamani ziishe. Mimi naziomba ziende polepole, kwa sababu siku nitakayotoka ndiyo siku ya Sinema Johari kufunguliwa au kufungwa kabisa.

Nijikumbushe mapatano yenyewe, nisije nikajidanganya. Baada ya matanga, shemeji yangu Athmani, mdogo wake Salim, alikuja akasimama nyuma ya pazia akaniambia amepata mtu anayelitaka jengo la sinema aweke mahindi. Uhuru unakuja, akasema, na hakuna ajuaye Mwambao utakuwa wa nani. Jengo bovu halimfai mtu. Warithi ni sisi watatu: mimi, yeye, na dada yao Zuhura. Nikamwomba anipe muda wa eda. Siku nitakayotoka tukae sote kwenye viti vya Johari, ionyeshwe picha moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Ikionekana, jengo libaki na niliendeshe mimi. Isipoonekana, funguo nitampa kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikubali upesi, akicheka. "Mwanamke wa eda atajenga akiwa wapi," alimwuliza Zuhura, "mvunguni?"

Zuhura hakumjibu. Tangu siku ile hajasema yuko upande gani. Athmani hawezi kuuza bila mkono wa Zuhura, wala mimi siwezi kuzuia bila mkono huo huo. Na Zuhura ndiye anayenipikia, anayelala chumba cha pili, anayenipelekea maneno yangu kwa mafundi. Nimeishi miezi minne na hakimu wangu, twala sinia moja.

Lakini lile neno mvunguni, wallahi, ndilo lililotengeneza paa. Kila nilipotaka kuchoka nililikumbuka, nikaagiza bati jingine.

Johari ilijengwa na baba yao, hapa katikati ya mji wetu mdogo, ikitazama soko na barabara ya stesheni. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, ina nguzo mbili mbele na roshani ya wanawake yenye ngazi yake peke yake. Enzi hizo picha hazikuwa na sauti, na mzee mmoja alisimama kando ya ukuta akiwasimulia watu nani anampenda nani na nani atakufa. Wakati wa vita ikafungwa, ikatiwa magunia. Vita vikaisha, magunia yakatoka, njiwa wakaingia. Kila mwaka Salim alisema ataifungua mwakani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma miaka kumi na tatu ya ndoa. Mwishowe nikawa naliita jengo la baba yake banda la njiwa, mbele ya wageni. Wageni wakicheka, na yeye akicheka nao.

Na hilo si ovu kuliko yote niliyofanya.

Nyumba yetu imeungana na sinema. Mzee aliijenga hivyo ili aingie chumba cha mashine kwa ukumbi wetu wa juu bila kushuka ngazi. Katika ukuta wa chumba hicho kuna matundu matatu yanayotazama chini kwenye viti: mawili ya kupitisha mwanga wa mashine, na la katikati la mtu wa mashine kuchungulia. Ijumaa moja, baada ya sala, Salim alisimama mlangoni kwangu, mikono imejaa vumbi jeupe, akasema, "Njoo mara moja uchungulie. Nataka uone kitu." Nikamjibu nina samaki motoni.

Hakukuwa na samaki motoni.

Wiki mbili baadaye moyo wake ulisimama, akiwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Sikuwahi kumwuliza alitaka nione nini.

Basi nikachungulia. Siku ya arobaini ilipopita nilifungua chumba cha mashine, nikaweka paji la uso kwenye tundu la katikati, nikatazama. Nikaona viti vimepinduliwa, nikaona mavi ya njiwa, nikaona Fundi Hamisi juu ya jukwaa lake la mbao akikwangua ukuta wa pembeni. Kitu cha Salim sikukiona. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Nikajiambia nasimamia kazi, na kweli niliisimamia: nikiona ufa, nikimwambia Zuhura amwambie Fundi aangalie kona ya kushoto, na Zuhura akishuka kumwambia. Lakini nikiwa mkweli na daftari langu, nilikuwa natafuta. Kuhusu eda nilijipa hoja kwamba chumba kile ni dari moja na nyumba yangu na ufunguo ni mmoja. Sikumwuliza sheikh. Niliogopa atanijibu.

Sasa ya leo.

Saa nne, Zuhura akiwa jikoni, niliingia chumba cha mashine kama kawaida yangu. Nikainama kwenye tundu, paji la uso likagonga jiwe. Baridi, na bado lina maji. Nikapapasa la kulia, jiwe. La kushoto, jiwe. Mawe na simenti, yamejazwa hadi ukingoni, kazi safi kabisa, huwezi kupitisha hata wembe. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu mpaka saa tatu, ndiyo maana sikusikia mwiko.

Nilielewa pale pale, na uso ukanichoma. Nyuma ya mtu anayechungulia kuna dirisha. Nikiweka kichwa, tundu linakuwa jeusi. Nikiondoa, linakuwa jeupe. Aliye juu ya jukwaa huona tundu linakonyeza mchana kutwa. Na aliye juu ya jukwaa ni Fundi Hamisi, Mdigo wa Likoni anayevuka feri kila siku kuja kazini, mtu wa haya ambaye hata akipita karibu na kanga iliyoanikwa huinamisha macho. Leo mvua ilimfukuza nje, akaona apate kazi ya ndani. Akamsitiri mjane wa marehemu. Kwa simenti.

Niseme wazo lililonijia kwanza, ingawa linanitia aibu. Nilitaka kunyamaza. Saa nane angekuja Okumu, mtu wa mashine, naye ndiye angepiga kelele kwamba matundu yamezibwa. Yangefunguliwa, na hakuna ambaye angeniuliza mimi nilijuaje, kwa kuwa nisingekuwa najua kitu. Heshima yangu ingebaki kama ilivyo.

Lakini chokaa humngoja mtu. Simenti haimngoji. Kufikia saa nane ingekuwa imeshika, na kuitoa kungetaka mtaimbo, na ule ukuta wa zamani wa matumbawe ukipigwa mtaimbo huanguka kwa mapande, pamoja na lipu mpya iliyotuchukua mwezi mzima. Siku tisa hazitoshi kupiga lipu nyingine na kuikausha katika vuli hii. Kwa upande wa pili kulikuwa na Zuhura, dada yake Athmani. Athmani akisikia kwamba mjane wa kaka yake amekaa eda akichungulia wanaume kwenye tundu, hatahitaji mapatano wala mahindi. Atatamka neno moja msikitini na mimi sitafungua kitu chochote tena hapa Changamwe, hata mwavuli.

Nilifikiri kwa muda wa kukunja kanga moja. Kisha nikamwita Zuhura.

"Abee, wifi. Wanitakiani, nina nazi mkononi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote isipokuwa samaki. Alinisikiliza akifuta mikono, halafu akanitazama usoni, juu kidogo ya macho.

"Kila jioni nakuona paji la uso lina chokaa," akasema. "Nami nikidhani wasujudu sana. Nikisema, masikini wifi yangu, ataingia Peponi atuache mlangoni."

"Ulijua?"

"Tangu mwezi wa pili wa eda. Mtu hazioni nyufa za kona ya kushoto akiwa kitandani." Hakucheka. "Sasa wataka nikamwambie nini yule? Sema upesi, simenti yakauka."

"Mwambie ukweli."

"Mficha uchi hazai," akasema, akafunga kanga yake vizuri, akashuka.

Fundi alipanda mpaka juu ya ngazi, upande wa pili wa mlango ulioegeshwa. Mimi niko ndani, yeye nje, na Zuhura kasimama kizingitini katikati. Twasikiana vizuri kabisa, lakini heshima ni heshima, kila neno lilipita kwa Zuhura kwanza.

"Mwambie," nikasema, "yale matundu matatu ni ya lazima. Ayafungue sasa hivi, kabla hayajashika."

Zuhura akarudia.

"Mwambie Bibi," Fundi akasema, kwa sauti ya chini, "matundu yale yana mtu."

"Asema yana mtu."

"Mwambie mtu huyo ni mimi."

Zuhura hakurudia, maana hakukuwa na haja. Nilisikia Fundi akihamisha mguu kwenye ngazi. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miezi minne, akasema nami moja kwa moja.

"Bibi, sikutaka kukuaibisha. Nimeona mwezi mzima na sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nikasema n'tayaziba tu, mambo yaishe kwa heri."

"Umeniheshimu, Fundi, nami nakushukuru. Lakini picha itapita wapi?"

"Picha si iko ukutani?"

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Fundi Hamisi hajaingia sinema maisha yake. Alijua watu hukaa, hutazama ukuta, na ukutani kuna picha. Basi kwake picha hutoka ukutani. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza ukuta ule ndio alioanza nao, kabla ya paa na kabla ya milango. Ndiyo maana ameupaka chokaa mkono baada ya mkono na kuusugua kwa kitambaa kama sufuria ya harusi, na siku ile Okumu alipouegemea alimfokea mpaka nikamsikia huku juu. Nami niliyaona yote kwa tundu langu, nikasema moyoni, huyu ni fundi kweli. Miezi minne nimemtumia maagizo ya kona na nyufa na bawaba, na sikumwambia hata siku moja sinema ni kitu gani. Hilo ni kosa langu, si lake. Mtu hawezi kujua kazi ya tundu ambalo hajaambiwa.

Nikamweleza kwa mlango. Mwanga hutoka kwenye mashine, hupita tunduni, hupita juu ya vichwa vya watu, na picha imo ndani ya mwanga. Ukifika ukutani ndipo huonekana.

"Basi ukuta wangu ni wa kupokea tu?"

"Ni wa kupokea. Ndiyo maana lazima uwe mweupe namna hiyo. Ukiwa na doa, kila mtu atakayeonekana atakuwa na doa."

Nadhani hilo lilimfariji. Akasema, "Nipe mpaka adhuhuri," na ngazi ikalia kwa jinsi alivyoshuka.

Aliyafungua kwa patasi na vidole, hakupiga nyundo hata mara moja. Alichokonoa simenti mbichi kutoka upande wa viti, akalivuta jiwe moja moja, na Zuhura akiwa chumba cha mashine akayapokea yale yaliyoangukia huku. Mimi nilikaa nje ya chumba, ukumbini, mlango umeachwa wazi kidogo. Nilikuwa nimemwahidi Zuhura kutochungulia, na ahadi bado ilikuwa ya moto.

Tundu la katikati lilipofunguka nikaisikia sauti yake wazi, akizungumza na Zuhura. Alisema atachonga vifuniko vya mbao, kimoja kwa kila tundu, na komeo litakuwa upande wetu. "Mwenye nyumba afungue atakapo," alisema, "nasi tukiona yamefungwa tujue tuko peke yetu." Nikaona ametafuta njia ya kunirudishia haki bila kunirudishia aibu, na hakuhitaji kitabu kuipata.

Kisha akasema, kama mtu anayezungumza ili mikono isichoke, "Marehemu naye aliyapenda matundu haya. Alinisimamisha huko huko ulipo wewe anionyeshe ule mraba wake."

"Mraba gani?" Zuhura akauliza.

Nilisimama.

Akamweleza. Wiki chache kabla Salim hajafa, alimwita Fundi aje aliangalie jengo. Ukuta wote wa picha ulikuwa mweusi kwa unyevu, mavi ya njiwa juu mpaka chini, isipokuwa katikati. Katikati palikuwa na mraba mweupe, ukubwa wa mlango. Salim alikuwa ameusugua na kuupaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe, na ameupaka vibaya.

"Nikamwambia, bwana, hii si kazi yako, mistari yaenda kombo. Akasema, 'Najua. Nataka mke wangu aone kwamba nimeanza.'"

"Na mraba wenyewe?"

"Nilipokuja kuanza kazi, niliupaka ukuta wote. Umo mlemle ndani."

Nikakaa sakafuni. Karibu miezi mitatu nimegandamiza paji la uso kwenye jiwe nikitafuta kitu ambacho nilikuwa nakitazama kila siku. Alikuwa ameanza. Nilipokuwa namwita mtu wa mwakani mbele ya wageni, labda tayari alikuwa anasugua. Nilipomwambia nina samaki motoni alikuwa ameanza, na alitaka nione, na mimi sikuwa na samaki wala motoni wala kapuni.

Nililia. Naliandika wazi kwa sababu tangu matanga sikuwa nimelia sawasawa. Nilikuwa na paa la kushughulikia.

Zuhura alitoka, akakaa karibu yangu, akanipa pembe ya kanga yake. Nikamwambia na habari ya samaki.

"Alikuwa mvivu kaka yangu, tusimsingizie," akasema. "Lakini alianza."

Saa nane Okumu akapanda kwa ngazi ya chuma ya nje. Huyu ni Mluo, anafanya kazi reli, na zamani alizunguka na gari la sinema la serikali vijijini. Nilibaki ukumbini, mlango sasa umefungwa, nikaweka sikio.

"Mama, nani alichezea hapa? Hii simenti bado ni mbichi."

"Hapana aliyecheza, baba," Zuhura akamjibu. "Mtu alikuwa ajenga heshima. Washa mashine yako."

Wakafunga milango na madirisha yote ya chini. Picha yenyewe itakuja wiki ijayo kutoka kisiwani. Leo ilikuwa kujaribu mwanga tu. Nilisikia mashine ikikoroma, ikakohoa, ikazima. Nikasoma kila dua ninayoijua. Ikakoroma tena, na safari hii ikaendelea.

"Nisimulie," nikamwambia Zuhura kwa ufa wa mlango.

Akanisimulia, kama yule mzee wa enzi za baba yake. "Mwanga umetoka. Una vumbi ndani yake, vumbi lote la Changamwe. Umefika ukutani. Ni mraba mkubwa, lakini umekaa upande, kama kofia ya mlevi."

Nikamsikia Okumu akisema mashine imeinama kidogo, akaomba kipande cha mbao. Akakichomeka chini ya mguu wa mashine, akagonga.

"Sasa umenyooka," Zuhura akasema. "Umejaa ukuta wote. Fundi ameingia kwenye mwanga. Ametia mkono... kivuli cha mkono wake kimekuwa kikubwa kama mlango wa godauni. Ameutoa. Ametia tena. Sasa amevua kofia, aitia kofia."

Nilicheka. Sijui kama kucheka kumekatazwa katika eda. Hilo nalo sitamwuliza mtu.

"Pale katikati," nikamwuliza, "waona alama yoyote? Mraba mwingine, mdogo?"

Alitazama muda mrefu, mpaka Okumu akamwuliza kama kuna ubaya.

"Sioni, wifi," akasema. "Pote peupe."

Nilidhani jibu hilo litaniuma. Halikuniuma. Kazi aliyoianza imemalizwa na mkono mwingine, na mshono hauonekani. Mimi nilikuwa sehemu ya mkono huo mwingine, ingawa nimechelewa.

Okumu alipoondoka nilingoja Zuhura atoke. Hakutoka. Nilisikia nyayo zake zikipita kwenye roshani ya wanawake, mbao zikilia, zikanyamaza. Alikaa huko mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Sikuwa nimesahau kwamba jioni hii au kesho Athmani atapita, kama apitavyo kila wiki, kumwuliza dada yake kazi imefika wapi na mjane yuko vipi. Leo Zuhura ana habari ya kutosha kunizika nayo. Nilijiandaa kumwomba. Nilikuwa hata nimepanga maneno.

Akarudi, buibui lake limejaa vumbi nyuma, pale mtu anapokalia.

"Kiti cha tatu, mstari wa mbele," akasema. "Kilikuwa changu tangu sijavunja ungo. Baba alikipigilia kibati cha jina langu chini yake, bado kipo. Lakini mguu mmoja umeliwa na mchwa. Mwambie Fundi akitengeneze hicho kabla ya vingine."

Mimi ndimi nimwambie Fundi, amesema, si yeye.

"Na Athmani?"

"Athmani ana kiti chake chini, kwa wanaume. Atakuja, atakaa, atatazama." Akaelekea jikoni kwenye nazi yake iliyokwisha kukauka. Kisha akageuka. "Na chokaa ya usoni uipanguse kabla hajafika. Mambo mengine si ya kaka zangu."

Nilipangusa.

Mtu anayetaka kuiuza nyumba hachagui kiti ndani yake. Najiandikia hilo hapa nilisome kesho nikiamka na hofu, kwa sababu nitaamka nayo. Bado hatujaonyesha picha. Mashine ni nzee, mvua haijaisha, reli ya roshani inacheza, nusu ya viti havina migongo, na mapatano yanasema tangu mwanzo mpaka mwisho, si tangu mwanzo mpaka mashine ikohoe. Lakini maji nimekwisha kuyavulia nguo. Nitatoka eda Alhamisi ya wiki ijayo, nitavaa leso yangu ya zambarau, na nitapita kwa mlango wa mbele wa Johari, katikati ya zile nguzo mbili, mchana, watu wakiniona.

Fundi akishaleta vifuniko, komeo litabaki limefungwa mpaka siku hiyo. Nimeahidi, na mara hii nimeahidi kitu kilicho upande wangu.

Mafundi wote wawili watakula kwangu kesho. Zuhura atawateremshia sinia. Nimemwagiza apite sokoni mapema, kabla wachuuzi wa reli hawajachagua wazuri. Kesho nina samaki motoni.